Kiti cha choo cha mtoto mwenye mahitaji maalum: cha dukani, cha hospitali au cha fundi wa Kamukunji?

Kabla ya kutoa shilingi kwa kifaa chochote cha choo, chukua tepu ya fundi cherehani. Mketishe mtoto akiwa amevaa viatu vya shule, kisha pima mara tatu: kutoka nyuma ya goti hadi sakafuni, kutoka matakoni hadi nyuma ya goti, na upana wa nyonga. Andika vipimo hivyo kwenye karatasi utakayokwenda nayo dukani. Kwa watoto wengi wa PP1 na PP2, yaani madarasa ya awali kabla ya Gredi ya 1, kipimo cha kwanza huangukia kati ya sentimita 25 na 30. Choo cha kuketi cha watu wazima kina kimo cha sentimita 40 hivi. Pengo hilo la sentimita 10 hadi 15 ndilo linaloharibu kazi ya mwalimu, ya aya (mlezi anayemhudumia mtoto) na ya mzazi, na mara nyingi hakuna anayeliona.

Miguu ikining'inia, mtoto hukaza mapaja na makalio ili asidondoke. Misuli ile ile anayoikaza ndiyo anayotakiwa kuilegeza ili haja itoke. Kwa hiyo anakaa, hatoi kitu, anavalishwa, anarudi darasani na baada ya dakika tano anajichafua. Hapo anaitwa mkaidi, kumbe amekalia kiti kisichomfaa. Ndiyo maana tumevipima vifaa vyote hapa chini kwa swali moja kwanza: nyayo zote mbili zinakanyaga? Bei, rangi na kampuni vinafuata baadaye.

Tunazungumzia watoto wa PP1 hadi Gredi ya 3, wenye usonji, mtindio wa ubongo, sindromu ya Down, mgongo wazi au kuchelewa kukua kiakili, katika shule za Nairobi ambako choo kinaweza kuwa cha kuketi, cha kuchuchumaa au cha shimo.

Poti ya plastiki

Inapatikana kila supamaketi na kwenye maduka ya jumla ya Eastleigh, na ndiyo rahisi kuliko vyote. Kimo chake ni sentimita 15 hadi 20. Kwa mtoto wa miaka minne anayetembea na kuchuchumaa bila shida, inafaa sana: nyayo zinakanyaga na magoti yanapanda juu kidogo ya nyonga, mkao ambao hunyoosha njia ya haja kubwa. Chagua yenye kitako kipana kuliko mdomo, bakuli linalotoka, na ukingo wa mbele uliopanda ili mkojo wa mvulana usimwagike. Ile inayopiga muziki iache dukani. Mlio wa ghafla humshtua mtoto mwenye usonji na kumkatia mkojo katikati, na kijisanduku cha betri hukusanya mkojo usioweza kuoshwa.

Haifai kwa mtoto mwenye misuli inayokakamaa. Ukimkunja chini kiasi hicho, mwili hujibu kwa kujinyoosha kwa nguvu, mgongo unasukuma nyuma na poti inapinduka pamoja naye.

Kuna pia suala la nani anaimwaga. Shuleni kila mtoto awe na poti yake yenye jina, na awepo mtu aliyetajwa wa kuimwaga na kuiosha papo hapo. Kama hayupo, usiipeleke darasani. Poti iliyowekwa pembeni ya darasa bila pazia hatuipendekezi hata kidogo. Mtoto asiyeweza kusema anaona aibu sawa na anayeweza.

Kiti cha kupunguza tundu

Hiki ni kile kinachowekwa juu ya choo cha kuketi ili mtoto asitumbukie. Kuna chenye sponji, cha plastiki ngumu, na chenye ngazi yake.

Cha sponji ni kizuri kwa muda mfupi tu. Ngozi ya plastiki hupasuka kwenye mshono, mkojo unaingia ndani ya sponji, na hakuna sabuni itakayotoa harufu hiyo. Kwa nyumba yenye mtoto mmoja kinaweza kuvumilika, lakini kwa shule ni pesa iliyopotea.

Cha plastiki ngumu chenye vishikio viwili ndicho tunachokipendekeza. Vishikio vinampa mtoto pa kujisukumia wakati wa haja kubwa. Kigeuze kabla ya kulipa: chini kiwe na vizuizi vya mpira vinavyoweza kusogezwa, kwa sababu viti vya choo si vya umbo moja, vingine ni vya duara na vingine virefu. Kizuizi kisipobana, kiti huteleza mtoto anapoinamia upande, na mtoto aliyeteleza mara moja hukataa choo kwa majuma. Kisha ongeza kigoda. Bila kigoda, kiti hiki kinazuia kutumbukia tu, hakimsaidii kutoa haja. Kigoda kiwe na kimo cha pengo lile ulilopima, pamoja na sentimita 2 ili magoti yapande kidogo. Uso wake uwe na upana wa sentimita 35 au zaidi ili nyayo zikae zikiwa zimeachana, na chini kiwe na mpira. Mtungi uliopinduliwa hautoshi, maana mtoto akiukanyaga ukingoni unainuka.

Vyenye ngazi ya kukunja vinapendwa kwa sababu vinaonekana kamili. Kwa mtoto aliye imara vinatosha nyumbani. Kwa mwenye sindromu ya Down ambaye viungo vyake vimelegea, au mwenye mtindio wa ubongo, vikanyagio ni vyembamba, ngazi hutikisika, na kugeuka ukiwa juu ya kidato ili ukae ndiyo hatua inayowaangusha wengi. Hapana kwa hao.

Kiti cha choo cha hospitali

Maduka ya vifaa vya hospitali huuza kiti cha bomba chenye ndoo chini, na muuzaji atakwambia ni cha walemavu wote. Ni cha mtu mzima. Upana wa kikalio ni sentimita 45 hivi, tundu ni kubwa, na mikono iko mbali mno na viwiko vya mtoto. Mtoto wa miaka sita huzama katikati, nyonga zinakunjika kupita kiasi na mgongo unapinda. Shule nyingi hukinunua kwa nia njema na kuishia kukiweka stoo. Kwa kijana wa miaka 12 na kuendelea, kinaweza kufaa. Kwa watoto tunaowazungumzia, hakifai hata ukiongeza mto.

Kiti cha fundi

Hapa ndipo tungeweka pesa, hasa kwa shule yenye vyoo vya kuchuchumaa au vya shimo, maana vifaa vya dukani karibu vyote vimetengenezwa kwa choo cha kuketi. Mafundi wa chuma wa Kamukunji wanakiweza, na wa mbao wa Ngong Road pia, ilimradi uwape vipimo badala ya maelezo. Ukimwambia fundi "kiti cha choo cha mtoto", atakutengenezea cha mtu mzima kilichopunguzwa miguu.

Agiza hivi. Kimo cha kikalio, kikihesabiwa kutoka pale nyayo zitakapokanyaga: kipimo chako cha nyuma ya goti hadi sakafuni, toa sentimita 2. Kina cha kikalio, mbele hadi nyuma: kipimo cha matako hadi nyuma ya goti, toa sentimita 3, ili ukingo usibane mishipa nyuma ya goti. Kwa miaka minne hadi sita hicho huwa sentimita 24 hadi 27. Tundu liwe la umbo la yai, upana sentimita 13 hadi 15, urefu 18 hadi 20, na lianze sentimita 5 tu kutoka ukingo wa mbele. Kosa la kawaida la mafundi ni kulirudisha nyuma katikati ya kikalio, kisha mkojo wote unaangukia kwenye ubao. Weka kingo la mkojo mbele, kimo cha sentimita 6 hadi 8, lenye ukingo wa mviringo, na lisiwe na pembe inayoweza kumkwaruza mtoto anapohamishwa.

Miguu ya kiti lazima isimame sakafuni, si kwenye ukingo wa bakuli la choo cha kuchuchumaa, kwa sababu ukingo huo huteleza na mara nyingi una mteremko. Pima upana wa bakuli lote pamoja na sehemu za kukanyagia, kisha mwambie fundi nafasi ya ndani kati ya miguu izidi kipimo hicho kwa sentimita 5. Matokeo yake ni kiti kipana chini na chembamba juu, na hilo ni jema, maana kiti cha namna hiyo hakipinduki kirahisi. Tatizo linalozaliwa hapo ni kwamba nyayo za mtoto sasa ziko juu ya bakuli lenyewe, hewani. Kwa hiyo ubao wa kukanyagia uungwe kwenye fremu, ukipita juu ya bakuli kutoka upande hadi upande. Ubao huo husahaulika karibu kila mara, na bila huo tunarudi palepale kwenye miguu inayoning'inia.

Tundu la kiti likae juu ya tundu la maji la bakuli. Kati ya matundu hayo mawili weka ndoo ndogo ya plastiki iliyokatwa kitako, ining'inie chini ya kikalio kwa ndoano mbili. Inaongoza haja na kuzuia kurushwa kwa maji machafu, inaoshwa peke yake, na ikichakaa inabadilishwa. Kwa choo cha shimo ina kazi nyingine muhimu: mtoto haoni shimo jeusi chini yake. Woga wa shimo ni wa kweli kwa watoto wengi, na hauondoki kwa kubembelezwa.

Egemeo la mgongo liwe na kimo cha sentimita 30, likiinama nyuma kidogo tu. Mikono ya kando iwe sentimita 15 hivi juu ya kikalio, na angalau mmoja ufunguke au utoke kwa pini, ili mtoto wa kiti cha magurudumu aingie kwa upande. Fundi akiichomelea yote, itabidi ainuliwe juu yake kila mara, na mgongo wa aya ndio utakaolipa. Mbele weka fito inayotoka, usawa wa viwiko, ya mtoto kushika na kuinamia. Kuinama mbele huku viwiko vikiwa vimeegemea hufungua njia ya haja kuliko kukaa wima.

Mkanda upite kwenye nyonga, ukivutwa chini kuelekea nyuma ya kikalio. Usikubali mkanda wa kifuani. Mtoto akiteleza, mkanda wa kifua hupanda shingoni. Na mkanda wowote, hata ulio sahihi, hauruhusu mtu mzima kuondoka: mtoto aliyefungwa kwenye kiti haachwi peke yake hata kwa sekunde za kuleta taulo.

Kuhusu malighafi, bomba la mraba la inchi 1, geji 16, linatosha. Mwambie fundi apige grainda kila mahali palipochomelewa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, azibe ncha za mabomba, kisha apake praima na makoti mawili ya rangi ya mafuta. Pasipozibwa, mkojo huingia ndani ya bomba na kulila kutoka ndani, na kutu hutokea kwanza miguuni. Kikalio kiwe cha plastiki ngumu. Mbao za saiprasi ni rahisi kuchonga na zina joto zuri kwenye ngozi, lakini varnishi ikishachubuka hunyonya mkojo. Plaiwudi huvimba ukingoni. Ukilazimika kutumia mbao, paka varnishi kila likizo, hasa ndani ya tundu.

Usiondoke na kiti kabla ya kukijaribu palepale. Mtu mzima akikalie, ainame mbele, kisha aegemee kila upande kwa nguvu. Mguu ukiinuka, rudisha. Muulize pia fundi kama miguu ina matundu ya boliti kila sentimita 2.5 ya kuongezea kimo. Ni kazi ndogo kwake, na inakipa kiti miaka mitatu badala ya mmoja.

Mtoto anayepinda sana mgongo, au ambaye kichwa hakijashika, asipimwe na mzazi na fundi peke yao. Apelekwe kwa mtaalamu wa tiba ya kazi (occupational therapist) kwanza. APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, ya Waiyaki Way ina uzoefu mrefu wa viti vya magurudumu, na KISE, taasisi ya elimu maalum, ya Kasarani hufanya tathmini ya watoto wenye mahitaji maalum.

Nepi na chupi

Nepi za kutupa ni za safari na za dharura. Gari la shule likikwama Thika Road kwa saa nzima, mtoto avae nepi na hakuna lawama. Tatizo ni kuiacha hapo siku nzima. Jeli ya nepi hunyonya mkojo vizuri hivi kwamba mtoto hahisi amelowa, na asiyehisi hajifunzi uhusiano kati ya kukojoa na kulowa. Akifika shuleni avuliwe, avae chupi nene ya pamba. Masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi yana suruali za kiuno cha lastiki kwa wingi, na hizo ndizo za kumvalisha. Zipu, kifungo na mshipi ni vizuizi vitatu kwa mtoto ambaye ameshikwa na haja sasa hivi. Shule ikishikilia sare yenye zipu, fundi cherehani anaweza kuitoa na kuweka lastiki, na mwalimu mkuu aombwe mapema.

Begi liwe na suruali 3, chupi 4, soksi jozi 2, taulo dogo, na mifuko ya nguo chafu. Soksi husahaulika, na mkojo hushuka mpaka kwenye kiatu.

Mtoto mkubwa avalishwe na avuliwe akiwa amesimama, ameshika fito ukutani, pale anapoweza. Kumlaza kila mara humfundisha kwamba yeye hana kazi yoyote katika shughuli hii.

Kadi za picha

Ni rahisi, zinafanya kazi, na mara nyingi hutengenezwa vibaya. Picha 6 zinatosha: vua, keti, kojoa, pangusa, vaa, nawa. Piga picha ya choo chenyewe cha shule kwa simu, ichapishwe na kulaminetiwa, iwe kubwa kama nusu ya karatasi ya A4. Mchoro wa choo cheupe cha kuketi haumwambii chochote mtoto ambaye choo cha shule yake ni cha kuchuchumaa. Kwa asiyeelewa picha bado, mpe kitu mkononi, kwa mfano kipande kile kile cha taulo kila mara, kabla ya kwenda. Neno nalo liwe moja nyumbani na shuleni. Mama akisema "susu" na aya akisema "haja ndogo", mtoto anajifunza mambo mawili kwa jambo moja.

Huduma yenyewe: namna ya kuipima shule

Kifaa kizuri mikononi mwa ratiba mbaya hakitasaidia. Ukitembelea shule, ulizia daftari la choo. Shule inayojua kazi huanza kwa siku 3 hadi 5 za kuandika tu, bila kumfundisha mtoto chochote: kila saa wanaangalia kama amelowa au ni mkavu, amekunywa nini, ametoa haja kubwa saa ngapi. Kwa mtoto wa nepi, kipande cha tishu huwekwa ndani, maana kwa sababu ya ile jeli mkono hautambui. Daftari hilo ndilo linaloonyesha kama kibofu kinaweza kushikilia mkojo kwa saa moja au mbili. Kikishikilia dakika 80, anapelekwa dakika ya 70. Ratiba ya kila nusu saa kwa wote, inayosifiwa na shule nyingi kama bidii, ina kasoro: kibofu hakijazi, mtoto hahisi haja, na anachojifunza ni kutoa matone akiamriwa.

Haja kubwa ina saa yake. Utumbo huamka baada ya chakula, kwa hiyo dakika 20 hadi 30 baada ya uji wa saa nne, na tena baada ya chakula cha mchana, ndiyo nafasi bora ya siku. Wakati huo akae dakika 5, zisizidi 10. Zaidi ya hapo miguu inakufa ganzi na choo kinageuka adhabu. Mtoto mwenye misuli iliyolegea apewe puto au mapovu ya sabuni ya kupuliza akiwa ameketi, maana kupuliza hukaza tumbo bila kumwambia "sukuma". Wavulana nao waanze kwa kuketi. Kusimama kutafuata.

Kelele ya maji ya choo iepukwe mpaka mtoto atoke nje ya mlango. Na apelekwe kabla ya kengele ya mapumziko, wakati choo hakina msukumano. Kumwuliza "unataka kukojoa?" kunaleta jibu la "la" karibu kila mara. Mwonyeshe kadi, sema "sasa ni choo", mwende.

Kuna jambo ambalo tungependa kila aya Nairobi alijue. Mtoto anayechafua chupi kidogo kidogo siku nzima, kinyesi laini chenye harufu kali, mara nyingi haharishi. Amefunga choo. Kinyesi kigumu kimeziba, na kile laini kinapenya pembeni bila yeye kuhisi. Ukimpa dawa ya kuzuia kuharisha, unaongeza kuziba. Kufunga choo ni jambo la kawaida kwa watoto wenye usonji, mtindio wa ubongo na sindromu ya Down, na kibofu kilichobanwa na utumbo uliojaa huvujisha mkojo pia, kwa hiyo mafunzo yote hukwama mpaka litibiwe. Apelekwe kliniki. Dawa ya kulainisha choo kama laktulosi huandikwa na daktari na huendelea kwa majuma au miezi. Wazazi wengi huiacha mara choo kinapolainika, na tatizo hurudi. Papai, sukuma wiki na maharagwe husaidia, lakini kwa kuziba kulikokomaa havitoshi.

Maji yasipunguzwe. Shule zinazomnyima mtoto kinywaji ili asilowe humletea mkojo mzito unaochoma kibofu na haja inayomfanya akimbie ovyo. Mtoto wa miaka 4 hadi 8 anahitaji vinywaji vya lita 1 hadi 1.4 kwa siku, yaani vikombe vidogo 6 hadi 8, na nusu yake ni wakati wa shule.

Mwenye mgongo wazi ana utaratibu wake kabisa. Mara nyingi neva za kibofu zimeathirika, kwa hiyo kumfundisha kuhisi haja ni kumwonea. Wengi huhitaji mrija safi wa kutoa mkojo kila saa 3 hadi 4, unaoingizwa na mtu aliyefunzwa na muuguzi. Mrija na glavu visiwe vya lateksi, kwa sababu watoto hawa hupata mzio wa lateksi kwa urahisi kuliko wengine. Ngozi yao ya makalio mara nyingi haihisi maumivu, hivyo asikae muda mrefu kwenye kikalio kigumu, na ngozi iangaliwe kila anapoinuka. Doa jekundu lisiloondoka ni onyo.

Kagua chooni kwenyewe. Maji ya bomba Nairobi yana mgao, basi lazima uone mitungi ya lita 20 iliyojaa na kibuyu chirizi au mtungi wenye koki, pamoja na sabuni, katika kimo cha mtoto. Baada ya kinyesi, kiti huoshwa kwa maji na sabuni kwanza, ndipo dawa ya klorini hupakwa. Kama lebo ya dawa inasema 3.5%, sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji hutoa mchanganyiko wa 0.5%. Uache dakika 10, suuza. Klorini isimwagwe juu ya mkojo wala kuchanganywa na dawa ya choo yenye asidi, kwa maana hutoa gesi inayoumiza mapafu, na chumba cha choo ni kidogo. Kiti kisichosuuzwa huchoma ngozi ya mtoto na kuharakisha kutu.

Kuhusu usalama wa mtoto: wawepo watu wawili waliotajwa kwa majina kwenye mpango ulioandikwa na kusainiwa na mzazi, si yeyote aliye karibu. Mlango usifungwe kwa ndani, pazia litoshe kumsitiri, na mwenye kifafa asiachwe peke yake. Kabla ya kumgusa aambiwe, na afanye mwenyewe kile anachoweza, hata kama ni kuvuta tishu tu. Kila msaada uandikwe: saa, nani, nini kimeonekana. Shule inayokataa mzazi asome daftari hilo, ondoka. Jambo likikutia shaka, simu ya watoto ni 116, bila malipo.

Shule ikikwambia haimpokei mtoto mpaka aache nepi, ilhali nepi zinatokana na ulemavu wake, kifungo cha 34 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza ubaguzi wa ulemavu katika kupokea wanafunzi. Kifungo cha 36 kinakataza adhabu ya viboko na mateso ya kiakili, na kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake na suruali iliyolowa ni mateso.

Mwishoni mwa kila muhula, mketishe tena na tepu. Umri huu miguu hurefuka haraka, na kiti kilichomfaa Januari kinaweza kumbana kufikia Agosti. Fungua boliti, shusha miguu ya kiti kwa tundu moja, teremsha ubao wa kukanyagia kwa kiasi hicho hicho, na uhakikishe nafasi kati ya ndoo na bakuli haijawa kubwa mno. Akihamia Gredi ya 1 katika jengo lingine, kiti, kadi na daftari vihamie naye siku hiyo hiyo, na yule aya wa zamani ampeleke chooni kwa siku chache za kwanza akiwa na yule mpya.